Mrejesho: dawa niliyopewa kabla ya kutolewa jiwe kwenye mrija wa mkojo

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini daktari aliniandikia tamsulosini, dawa ninayoijua kama ya wazee wenye tezi dume, ilhali tatizo langu ni jiwe la milimita 9 lililokwama kwenye mrija unaoshusha mkojo kutoka figo ya kushoto hadi kibofuni. Nimeshafanyiwa upasuaji hapa Mwanza, nami naleta majibu kama nilivyoahidi.

Daktari alinieleza kwamba misuli laini ya mrija huo, hasa sehemu ya chini, ina vipokezi (sehemu za seli zinazopokea ishara za kukaza misuli) vya aina ileile ambavyo dawa hiyo huvizuia kwenye tezi. Vikizuiwa, misuli hulegea, na kifaa chembamba chenye kamera, kinachoingizwa kulifuata jiwe, hupita bila kulazimishwa, kwani kukilazimisha ndiko kunakoweza kuchubua au hata kutoboa mrija. Nilimeza kapsuli moja ya miligramu 0.4 kila usiku kwa siku 7. Usiku wa tatu niliinuka kwa haraka kwenda msalani, kizunguzungu kikanishika hadi nikaukumbatia mlango. Tangu hapo nilikuwa nakaa kwanza ukingoni mwa kitanda.

Kamera ilifika kwenye jiwe bila shida, likavunjwa kwa leza. Daktari hakuisifu dawa peke yake, maana mirija ya watu hutofautiana. Kilichonitesa hasa ni stenti, ule mpira mwembamba ulioachwa ndani: kila nikipanda daladala naulizia choo. Ulitolewa baada ya wiki 2.