Stendi kupelekwa nje ya mji, Mbezi kule Dar na Masanga huku kwetu Kigoma: nani anafaidika?

Mwisho wa Reli: Wakuu habari za jioni. Naomba tulijadili hili maana linatuumiza wengi. Toka 2020 stendi ya mikoani Dar imetolewa Ubungo ikapelekwa Mbezi Luis, na sie tunaotoka Kigoma ndo tunaoisoma namba. Umekaa kwenye siti kutoka huku, umepita Uvinza, Malagarasi, Kaliua, Tabora, unafika Mbezi usiku mkubwa una watoto na mizigo, ndugu yako anakaa Mbagala. Daladala za moja kwa moja muda huo hamna, wa taksi anakutajia bei akiona umechoka. Ukirudi huku nako basi linakumwaga Masanga, na kama unaenda Ujiji au Bangwe alfajiri ni bajaji au boda. Mimi nasema kuhamisha stendi bila kupanga upya magari ya mjini ni kumtwisha abiria gharama. Mnasemaje?

Kijana wa Gungu: Kwanza ni 2021 sio 2020. Februari 24, Magufuli alizindua stendi na zile barabara za juu za Ubungo siku moja. Pili foleni ya Ubungo ya zamani mmeisahau? Mabasi ya nchi nzima yanaingia pale, magari ya mjini yanapita pale, malori ya kwenda bandarini pale pale. Stendi kuwa nje ndo mpango mzuri. Shida ni abiria wetu wa Kigoma, mtu anapanda basi na ndoo mbili za mawese na viroba vya dagaa utadhani anahama. Beba begi moja uone kama Mbezi ni mbali.

Mwisho wa Reli: Mwaka sio hoja. Nimeuliza usafiri wa kutoka stendi, hujajibu.

Mama Kibirizi: Mdogo wangu wa Gungu hebu rudi hapa. Viroba vya dagaa vimekukosea nini? Mimi nimesomesha wanangu kwa hao dagaa unaowasema. Tunasubiri giza la mwezi watu waingie ziwani usiku na taa, asubuhi tunapokea pale Kibirizi, tunaanika, tunageuza, mvua ikija tunakimbizana nao, halafu wewe unakuja kusema mtu abebe begi moja. Begi la nini? Mtu akitoka Kigoma akaenda Dar mikono mitupu ndugu zake watamuuliza kwani kuna msiba. Hao unaowaita abiria wa shida ndo wanaolijaza hilo basi.

Kijana wa Gungu: Shikamoo mama. Sijawatukana dagaa, nimesema harufu na mafuta kumwagikia mizigo ya wenzako. Mimi begi langu la vyeti liliwahi kulowa mawese, vyeti vya shule, nani alinilipa? Kampuni iliniambia nimalizane na mwenye ndoo, na mwenye ndoo alishashukia Tabora.

Nyakanazi Road: Pole kaka lakini hilo kosa la aliyepakia, mawese yana kosa gani hapo.

Mtu wa Kirumba: Mimi nimeoa Kigoma ila kwetu Mwanza. Niseme ukweli, dagaa wa Mwanza wanasafirishwa magunia kwa magunia na hamna kelele hizi. Nyie dagaa kidogo tu wa Kigoma mmewafanya kama dhahabu.

Mama Kibirizi: Kama dhahabu ndio! Uliza bei Kariakoo uone yupi anapimwa kwa kuhurumiwa. Dagaa wa Mwanza unapika unatafuna mchanga, hao tunawapa kuku.

Mtu wa Kirumba: Mama yangu hapo umevuka mpaka, watu wanakula dagaa wa Victoria nchi nzima mpaka nje ya nchi. Na mchanga hata Kibirizi upo nimeuona kwa macho yangu.

Bint Katubuka: Siku hizi wengi wanaanika kwenye vichanja, acheni kuongea ya zamani.

Mwisho wa Reli: Jamani mada ni stendi.

Nyakanazi Road: Mada ya dagaa na ya stendi naona ni moja. Mnakumbuka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa watu wasivue miezi mitatu, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti? Viroba vya dagaa viliadimika kwenye mabuti, je kuna mtu aliona basi linafika mapema au Mbezi imesogea karibu? Shida ilibaki ile ile. Kwa hiyo kijana wa Gungu kumsingizia dagaa haikubaliki.

Kijana wa Gungu: Nani amesema dagaa wanachelewesha basi? Unanilisha maneno. Na kufungwa kwa ziwa kulikuwa kwa faida yetu ili samaki wazaliane, nchi zote nne za ziwa zilikubaliana.

Mama Kibirizi: Faida unaijua wewe uliyekuwa na mshahara. Miezi mitatu hatuna cha kuanika na watoto wanadaiwa michango shuleni. Usiniguse hapo.

Konda Mstaafu: Naomba niongee kama mtu niliyefanya kazi hii ya mabasi miaka mingi. Abiria mtu mzima ana haki ya kilo 20 bila kulipa, zinazozidi ndo zinalipiwa. Sasa kinachofanyika, mzani haupo, mpakiaji anakiangalia kiroba kwa jicho, anamwangalia na mama mwenyewe kavaaje, anataja bei. Mama akibisha anaambiwa basi linaondoka. Risiti ya mzigo haiandikwi au inaandikwa kikaratasi hakina jina, ndo maana ndugu yetu vyeti vikilowa hana pa kushika. Mawese yakifungwa kwenye dumu lenye mfuniko wa kukaza na kusimamishwa pembeni hayamwagiki. Yanamwagika kwa sababu wanalilaza dumu ili viingie viroba vingine vya watu ambao hata hawamo ndani ya basi, vifurushi vya biashara vya kutuma. Buti la abiria limegeuzwa lori. Hilo ndo la kupigia kelele.

Bint Katubuka: Mzee umesema ukweli mtupu. Juzi juzi nimelipishwa mzigo Masanga, nilipofika Mbezi wapagazi wameung'ang'ania wananivuta huku na huku, nikalipa tena kuupeleka kwenye daladala, konda wa daladala naye anataka nilipie siti ya mzigo. Kiroba kimoja kimelipiwa mara tatu. Hapo nauli yangu mwenyewe sijaitaja.

Mwisho wa Reli: Ndicho nilichokuwa nasema tangu mwanzo dada. Daladala ilitoka 500 ikawa 600 kwa zile kilomita 10 za kwanza, Desemba 2023, na ukitoka Mbezi kwenda Mbagala unaunga magari. Njia ya mabasi ya mwendokasi ile ya kwanza ya 2016 nayo iliishia Kimara, stendi wakaenda kuiweka mbele ya Kimara. Walipangaje?

Mzee wa Stesheni: Wanangu, mnahangaika na stendi wakati reli ipo. Tangu 1914 Mjerumani alipoifikisha hapa Kigoma, treni inakutoa katikati ya mji inakushusha katikati ya mji, ukishuka Dar unatembea kwa miguu mpaka Kariakoo. Dagaa walikuwa na behewa lao na hakuna aliyemnyooshea kidole mwenzake. Reli ya kisasa kule imeshafika Dodoma tangu 2024, na stesheni yake Dar nayo iko mjini hawakuipeleka porini. Ya Tabora kuja Kigoma mkataba ulisainiwa Desemba 2022. Hiyo ndo ya kuidai.

Kijana wa Gungu: Shikamoo mzee. Treni yetu ya zamani ukipanda unaweza kukaa Tabora nusu siku wanapanga mabehewa ya Mwanza na ya Mpanda. Mtu ana usaili kesho Dar anaipandaje?

Mzee wa Stesheni: Marahaba. Anayesafiri siku moja kabla ya usaili ana haraka ya kwake, asiiseme vibaya treni iliyomlea baba yake.

Kijana wa Gungu: Mzee baba yangu hukumjua, tusifike huko.

Nyakanazi Road: Na kuhusu kuchelewa, kwa nini sisi wa mabasi ya Kigoma ndo tunashushwa njiani kuonyesha vitambulisho kama vile sio raia? Mtanzania anayetoka Moshi haulizwi babu yake kazaliwa wapi. Mimi hilo linaniuma kuliko umbali wa Mbezi.

Bint Katubuka: Linauma sana. Bibi yangu alishushwa usiku kwenye baridi, mtu wa miaka yote hiyo, kisa lafudhi yake ya Kiha.

Mtu wa Kirumba: Hapo niko na nyie. Mke wangu yalimkuta.

Konda Mstaafu: Hilo linataka mjadala wake na mimi nitakuja. Ila la mzani tusiliache likapita. Mzani pale Masanga si kitu cha kusubiri bajeti ya taifa. Halmashauri inachukua ushuru wa stendi kila siku. Uwekwe mzani mmoja, bei ya kilo iliyozidi iandikwe ukutani kwa rangi, kila mzigo upate risiti yenye jina na namba ya simu.

Kijana wa Gungu: Mzani ukija, wa kwanza kuulalamikia atakuwa mama Kibirizi, maana viroba vile havijawahi kuwa kilo 20.

Mama Kibirizi: Sijawahi kukataa kulipa. Nakataa kukadiriwa kwa sura. Mimi kila kiroba nakipima nyumbani kabla hakijatoka, kilo zangu nazijua. Uletwe huo mzani hata kesho, na wewe uje na begi lako tupime vyote.

Mwisho wa Reli: Na bajaji za kutoka Masanga alfajiri je? Nazo ziandikiwe bei ukutani?

Konda Mstaafu: Nazo. Ujiji bei yake, Bangwe bei yake, Kibirizi bei yake. Diwani wa kata yenu ni nani, ameshawahi kulisikia hili?