Mliowahi kufunga simu za intaneti ofisini, tupeane uzoefu (Dodoma na majirani)

Wakuu, salaam. Ofisi kibao hapa Dodoma zinahamia simu za mezani zinazopita kwenye intaneti, na wanaozifunga wengi ni sisi tulioambiwa "wewe si unajua kompyuta?" Naanza na aibu yangu, nanyi leteni zenu.

Tulihamia jengo jipya Kisasa. Simu 14, seva ya simu, yaani kompyuta inayoziunganisha, iko Dar. Nikaingiza ekstensheni (namba ya ndani ya kila simu), nywila, anwani ya seva na poti 5060 (mlango wa seva unaotumiwa na simu hizi), zote zikajisajili, nikajiona fundi. Asubuhi dada wa mapokezi anapokea: "Halo! Halo!" Kimya. Ikaita tena, kimya. Mara ya tano akamgeukia mwenzake: "Huyu naye kameza ulimi? Kama huna la kusema unapiga ya nini!"

Kumbe mteja anasikia kila neno. Sauti yetu inakwenda, ya kwake haifiki. Mchana akaja mwenyewe ofisini, na hakuja kutusalimia.

Siku mbili nabadilisha kebo, nazima nawasha, wapi. Mchawi alikuwa ruta, kile kifaa kinachounganisha ofisi na intaneti. Simu ikiongea na seva inajitaja kwa anwani yake ya ndani, ile ya 192.168, basi seva nayo inatuma sauti huko huko, ambako kutokea nje hakufikiki. Ni kama kumwagiza mtu wa Dar alete mzigo "chumba namba tatu" bila kumtajia jengo wala mtaa. Juu ya hapo ruta ilikuwa na kitu kinaitwa SIP ALG, eti msaada wa kurekebisha anwani hizo, kikazidi kuzikoroga. Nikakizima, wenzetu wa seva wakaweka mpangilio wa NAT (ule wa kubadili anwani ya ndani kuwa ya nje), sauti ikaja. Ukikuta sauti ya upande mmoja, pekua ruta kwanza, waya uache.

Haya, nani anafuata?

Mdau wa Nzuguni: Zetu zilikuja na saa za China na hakuna aliyezigusa. Bosi akapitia kumbukumbu za simu ya mhasibu, anakuta zimepigwa saa nne usiku, siku tatu mfululizo. Mhasibu akaitwa. Maskini alikuwa amepiga saa kumi na moja jioni! Wekeni GMT+3 kabla hamjamgawia mtu simu.

Fundi Waya: Mimi Mpwapwa. Simu hizi zina matundu mawili nyuma, moja la mtandao, jingine la kompyuta. Mama wa usafi akaona waya unaning'inia, kwa moyo wake mwema akauchomeka ukutani. Yaani simu moja imechomekwa ukutani mara mbili, mtandao ukawa unajizungusha wenyewe. Ofisi nzima ikalala: simu, printa, kila kitu. Nilizunguka meza moja moja mpaka saa tisa.

Kijana wa Makole: Sisi tulinunua simu bila adapta ya umeme, swichi yenyewe ya kugawa mtandao haina PoE, yaani haipitishi umeme kwenye kebo ya mtandao. Tukabaki na mapambo ya mezani wiki nzima. Sasa tuna inayopitisha, lakini TANESCO wakikata zote kimya. UPS (betri ya akiba) ifungwe kwenye swichi NA ruta. Sisi tuliiweka kwenye kompyuta ya bosi 😂

Bibie IT: Nyie mnacheka, sisi tuliliwa. Simu tuliziacha na jina na nywila za kiwandani, admin/admin, seva nayo iko wazi kwa dunia nzima. Jumatatu tunakuta salio limeisha, namba za nje ya nchi zimepigwa usiku kucha na ofisi ilikuwa imefungwa. Kama hampigi nje, zimeni kabisa simu za kimataifa.

Mwana Kondoa: Intaneti yetu nyembamba, wakiongea watu wanne sauti inakatika kama redio ya mbao. Fundi akahamisha kodeki (njia ya kubana sauti) kutoka G.711 inayokula kilobiti 64 kwa sekunde kwenda G.729 ya kilobiti 8. Sauti imekuwa kavu kidogo ila sentensi inafika mwisho.

Fundi Waya: Mleta uzi, hujamalizia. Yule mteja mlimalizana vipi?

Mkuu, bado ni mteja wetu. Ila akipiga, kabla ya salamu anauliza: "Leo mnanisikia?"