Acheni kusugua heller za Tabora za 1916!

Wakuu, nimekereka mpaka basi. Nilimwachia dalali mmoja heller 20 yangu ya shaba nyekundu, sarafu ya enzi za Mjerumani iliyogongwa Tabora 1916, aipige picha atafute mteja. Imerudi inang'aa kama kijiko cha dukani. Kaipaka ndimu, kaisugua kwa stili waya! Ile rangi ya kahawia iliyoiva kwa zaidi ya miaka 100 imetoka yote, na taji limejaa michirizi. Namuuliza, ananijibu: "Kaka, si nimekusafishia? Sasa utaiuza kwa bei ya dhahabu."

Dhahabu gani? Sarafu ya dhahabu ya Tabora ni rupia 15, yenye tembo, iliyotengenezwa kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Hii ni shaba, na thamani yake iko hapohapo kwenye ushaba wake. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepamba moto, manowari za Waingereza zimefunga bahari, sarafu kutoka Ujerumani haziingii. Serikali ya Mjerumani inachapisha noti huku huku, watu hawaziamini, wanataka chuma mkononi. Ndipo karakana ya reli pale Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu, wakatumia shaba yoyote iliyopatikana, hadi maganda ya risasi za mizinga. Ndiyo maana zipo za shaba nyekundu na za shaba ya njano pia. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauchukua mji.

Kwa haraka hiyo nyingi zimegongwa vibaya: taji limeegemea upande, D.O.A. (kifupi cha Deutsch-Ostafrika, jina la koloni) imefifia, ukingo haujakaa sawa. Huyu bwana akadhani ni uchafu, akachokonoa herufi kwa sindano! Jamani, ile ni alama ya watu waliofanya kazi kwa haraka, adui akiwa njiani. Ukiikwangua umeifuta.

Na nyie mnaozunguka vijijini mkiwaambia wazee kwamba heller ya Mjerumani ina zebaki ndani, itauzwa mamilioni, watoe kwanza hela ya "kipimo": ni wizi mtupu. Ni kipande cha shaba, hakina kitu ndani. Mnawaliza watu wazima.

Mwenye nayo aiache ilivyo. Asiioshe, asiipake mafuta, aishike ukingoni, aiweke kwenye bahasha kavu ya karatasi. Mfuko laini wa plastiki nao unaweza kuitia ukijani.

Na wewe dalali, najua unasoma humu. Picha za kabla hujaigusa ninazo. Nataka tofauti ya bei yangu.