Walijuaje kwamba metali iliyo ndani ya azurini ni shaba?

Mwanafunzi wa Kasapa
Salamu kwenu wakubwa. Kwa ajili ya kazi yangu ya biokemia hapa Lubumbashi ninasoma muundo wa fuwele ya azurini, protini ya asidi amino 128 ambayo bakteria Pseudomonas aeruginosa huitumia kupitisha elektroni. Kielelezo kinaonyesha shaba iliyoshikwa na asidi amino tatu za mnyororo huo: histidini ya 46, sisteini ya 112 na histidini ya 117. Shaba ina elektroni 29, zinki 30, na kinachotawanya eksirei ni elektroni, basi walizitofautishaje?

Fundi wa Likasi
Mdogo wangu, kwa ramani ya elektroni peke yake, yaani picha ya mahali elektroni zilipo ndani ya fuwele, hawawezi. Sisi tunaopima mawe ya madini tunajua kwamba kila metali ina kizingiti chake: shaba huanza kufyonza eksirei kwa nguvu kwenye nishati ya kiloelektronivolti 8.98, zinki kwenye 9.66. Kwenye sinkrotroni, mtambo mkubwa wa kutoa eksirei kali ambako nishati huchaguliwa, fuwele hupimwa kati ya vizingiti hivyo viwili, kisha chini kidogo ya kile cha shaba. Alama ya metali ikiwa kali katika kipimo cha kwanza na kufifia sana katika cha pili, hiyo ni shaba.

Mama Maabara
Swali lako si la bure, mwanangu, kwa sababu azurini inayotengenezwa ndani ya Escherichia coli, bakteria wa kawaida wa maabara, mara nyingi hutoka ikiwa imechanganyika na ile yenye zinki. Yenye shaba ya chaji +2 ni ya buluu kali, nayo hufyonza mwanga karibu na nanomita 625, ilhali yenye zinki haina rangi. Rangi itazamwe kabla ya kupima, maana eksirei zenyewe huipa shaba elektroni na buluu ikafifia. Pima pia umbali kutoka kwenye metali hadi oksijeni ya glisini ya 45: kwa shaba ni takriban angstromu 3 (angstromu moja ni sehemu ya kumi ya nanomita), lakini zinki huivuta hadi karibu 2.3.

Mwanafunzi wa Kasapa
Ahsanteni sana. Katika faili yangu umbali huo ni 2.9, ila data zilikusanywa kwa eksirei za urefu mmoja tu wa wimbi, angstromu 1.0.

Fundi wa Likasi
Hiyo ni kama kiloelektronivolti 12.4, juu ya vizingiti vyote viwili, kwa hiyo metali zote mbili zingetoa alama. Katika kazi yako tegemea umbali, na utafute kama waandishi walitaja rangi ya fuwele.