Kujifunza kupaka kwenye nodi: RotoPaint ya Nuke, Paint ya Fusion au Natron?

fremu_mojamoja
Wakuu salama. Mimi nimetokea kwenye programu za leya, huku kwenye nodi (visanduku, kila kimoja na kazi yake, unavyoviunganisha kutengeneza picha) bado mgeni kabisa. Nina klipu ya fremu kama 120 hivi, kamera imeshikwa mkononi, ukutani kuna waya unaning'inia na nataka utoke. Nimejaribu RotoPaint ya Nuke lile toleo la bure la kujifunzia, nikahamia Paint ya Fusion ndani ya DaVinci Resolve, jana nikapakua Natron. Kote yananikuta yale yale, napaka vizuri kabisa, nasogeza fremu moja mbele, nilichopaka hakipo! Nikadhani programu mbovu nikaifuta nikaiweka upya, wapi. Sasa nataka nikae na moja tu mpaka niive. Ipi?

BintiNodi
Pole mkuu, programu ni nzima, wala haina kosa 😂 Stroki, yaani mpako mmoja wa brashi, ina uhai wake, ni fremu ngapi inaonekana. Kwenye Nuke ukishika brashi inaanza na uhai wa fremu moja tu, angalia ule mstari wa vitufe juu ya picha, pale unachagua fremu hii tu, zote, kuanzia hapa mpaka mwisho, au kutoka fremu fulani mpaka fulani. Na hata kama ulishapaka sio kesi, stroki zote zimejipanga kwenye orodha ndani ya nodi, unazichagua unaenda kichupo cha Lifetime unabadilisha. Natron imefuata staili hiyo hiyo karibu kila kitu.

Fusion ndo ina mtego. Ukifungua Paint inakupa Multistroke, hiyo urefu wa uhai unaupanga KABLA hujapaka, ukishapaka imetoka hiyo. Kuna Stroke ya kawaida pembeni yake, hiyo inakaa klipu nzima na unaweza kuiwekea ki-fremu (keyframe, alama za kubadilisha thamani kwa muda) ikatembea. Watu wengi wanaichukia Multistroke bila kujua kwamba imewekwa kwa ajili ya kupaka stroki nyingi fremu kwa fremu bila kuichosha mashine.

kipanya_tu
Mi natumia mausi, tableti ya kuchorea sina, na naishi vizuri tu. Kinachoniua ni vidole. Kloni ni kunakili sehemu safi ya picha kufunika nyingine, na chanzo chake, pale unaponakili, Nuke unakiweka kwa Ctrl, Fusion kwa Alt. Ukubwa wa brashi Nuke ni Shift unaburuta, Fusion ni Ctrl unaburuta. Ukizoea moja ukaenda nyingine unajikuta unapuliza brashi kubwa kama sahani wakati ulitaka kuchukua chanzo. So kwa mtu anayeanza, asichanganye.

mzee_wa_alfa
Mnamjibu vizuri ila swali lenyewe limekaa upande. Vijana, waya ukutani haupakwi fremu 120! Hata ukiwa na mkono wa malaika, kila fremu utapaka tofauti kidogo, ukicheza video ule ukuta unachemka kama uji. Unapaka fremu MOJA.

Fanya hivi. Chagua fremu ambayo ukuta unaonekana safi na hauna ukungu wa mwendo, igandishe kwa FrameHold, hapo chini weka RotoPaint utoe waya kwa kloni taratibu. Halafu kata kiraka, yaani chora umbo kuzunguka ulipopaka, kingo zilainishe kidogo, hiyo ndo alfa yako (inasema wapi picha inaonekana na wapi haionekani), pitisha Premult, nodi ya kuzidisha rangi kwa alfa. Kiraka hicho ukibandike na data za traka (mwendo wa ukuta uliofuatwa fremu kwa fremu) uliyotraka kwenye klipu ya asili, fremu ya rejea ya traka iwe ile ile uliyogandisha, ikitofautiana kiraka kinakaa pembeni na utalaumu traka bure. Mwisho kiweke juu ya klipu kwa nodi ya Merge. Natron FrameHold ipo. Fusion tumia TimeStretcher, futa ki-fremu zake ubakize namba moja ya fremu, mengine yanafanana.

Na chenga za picha, zile punje ndogo zinazocheza kila fremu, usisahau. Ukigandisha fremu umegandisha na chenga zake, jicho litaona kipande cha ukuta kimekufa wakati kwingine kunacheza. Safisha chenga kabla ya kupaka, zirudishe juu ya kiraka mwishoni.

Rangi_mbichi
Mzee shikamoo, nakubali ila si mara zote. Kiraka kinataka ukuta usiobadilika. Taa ikipepesa, au mtu akipita mbele, au kitu chenyewe ni nywele au maji, kiraka kinagoma. Hapo RotoPaint ya Nuke inanibamba kwa sababu ya Reveal, unaunganisha klipu hiyo hiyo kwenye ingizo la pili, unaisogeza muda fremu kadhaa, halafu ukipaka unafunua ukuta ulivyokuwa kabla mtu hajapita. Ni pikseli halisi, chenga zake halisi. Fusion nayo unaweza kuipa kloni chanzo cha nodi nyingine, tanguliza TimeSpeed yenye ucheleweshaji, ila kwangu naona mzunguko mrefu.

Kama kazi yako ni kupaka tu asubuhi mpaka jioni basi programu ya Silhouette, ile inarekodi stroki zako na kuzirudia kwenye fremu nyingine zikifuata traka. Ila usianzie huko.

BintiNodi
@Rangi_mbichi kweli, ila RotoPaint ukiijaza stroki mia mbili inakuwa nzito mpaka inatia hasira. Gawanya, nodi moja ya waya, nyingine ya doa, usirundike.

Kwa mtoa mada, upande wa vikomo: Nuke ya bure inakomea 1920 kwa 1080 na sio ya kazi ya malipo. Resolve ya bure inatoa mpaka 3840 kwa 2160. Natron ni chanzo huria, haina kikomo, ila seivu kila baada ya dakika chache, we fanya tu. Mimi ningekwambia kama una ndoto ya kuajiriwa studio kaa na Nuke, kama video ni zako mwenyewe na unahariri humo humo kwenye Resolve, Fusion inatosha na inabaki.

fremu_mojamoja
Nimerudi. Nimebaki na Nuke, nimefuata ya mzee hatua kwa hatua, kiraka kimekaa na hakitetemeki kabisa daah. Ila kingo zake zina mstari mweusi, nini tena?

mzee_wa_alfa
Marahaba @Rangi_mbichi. Wewe mwenye kingo nyeusi, umezidisha Premult mara mbili. Angalia lile umbo ulilokatia, pale kuna chaguo la premultiply, kama umeliwasha halafu ukaweka na nodi ya Premult chini yake, alfa imezidishwa tena. Toa moja.

fremu_mojamoja
Ndo yenyewe mzee!! Mstari umeondoka, waya umeondoka, nikamwita mdogo wangu aangalie kama ataona kitu. Ameangalia sekunde mbili akaniuliza "mbona ukutani kuna kivuli cha waya na waya wenyewe hauonekani?" Narudi kwenye FrameHold.