Fremu ya baiskeli iliyotumika: nitajuaje kama inanitosha na kama inastahili bei yake?

Mwalimu wa Katuba

Ndugu zangu wa Lubumbashi, ninaomba ushauri kabla sijatoa fedha. Fremu ya kinga yangu ya zamani, yaani baiskeli yangu, ile nzito yenye breki za fimbo, ilikatika karibu na pedali nikiwa nimebeba nusu gunia la unga, na fundi aliyekwisha kuichomelea mara mbili ameniambia kwamba mara ya tatu haitadumu. Magurudumu yake bado ni mazima. Sasa nimeona kwa muuzaji mmoja wa vitu vya Ulaya, katika komini ya Kenya hapa mjini, fremu ya chuma iliyotoka Ubelgiji, pamoja na foki inayoshika gurudumu la mbele na bomba la kushikilia kiti, ila haina magurudumu. Anataka dola 40. Ameiandika kwa chaki namba 58, akisema kwamba hicho ndicho kipimo chake kwa sentimita na kwamba kinamfaa mtu wa urefu wangu, yaani mita 1.78.

Kila siku ninatoka Katuba kwenda kufundisha upande wa Kampemba, na mara nyingi ninambeba binti yangu nyuma. Sitaki kununua kitu ambacho kitaniumiza mgongo au kitakachokatika tena njiani mvua zitakapoanza. Je, 58 ni kubwa mno? Na nikiwa mbele ya fremu hiyo, niangalie nini?

Fundi wa Kampemba

Mwalimu, urefu wa mtu mzima hausemi mengi, kwa kuwa watu wawili wenye mita 1.78 wanaweza kutofautiana sana kwa miguu. Simama bila viatu, mgongo ukiwa ukutani, weka kitabu chenye jalada gumu katikati ya mapaja, ukipandishe mpaka kiguse mfupa kama tandiko linavyogusa, kisha mwambie binti yako apime kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Ukizidisha kipimo hicho kwa 0.65 hadi 0.67, utapata takribani urefu unaokufaa wa bomba la kiti, lile la fremu ambamo bomba la kushikilia kiti huingia, ukihesabiwa kutoka katikati ya ekseli ya pedali inayopita ndani ya fremu hadi katikati ya mahali bomba la juu linapoungana na bomba la kiti.

Nimetaja pointi hizo mbili kwa sababu kila muuzaji hupima anavyojua. Yupo anayeanza chini kabisa, kwenye ukingo wa bomba la pedali, akamalizia juu kabisa mahali penye skrubu ya kubana kiti, na kwa njia hiyo anaongeza karibu sentimita 4 ambazo hazipo. Kwa hiyo usiijadili namba ya chaki. Nenda na futi yako mwenyewe.

Kuhusu uzima wake, anza mbele. Pitisha kidole polepole chini ya bomba la chini, sentimita chache nyuma ya bomba la usukani. Ukisikia mkunjo au uvimbe, hata mdogo, au ukaona rangi imepasuka kama ganda la yai mahali hapo peke yake, ujue baiskeli hiyo iligonga kitu kwa mbele, na mimi singeichukua hata kwa dola 10. Halafu angalia maungio yote, hasa karibu na pedali na kwenye yale makucha ya nyuma yanayoshika ekseli ya gurudumu. Ufa mara nyingi huonekana kama mstari mwembamba wa kutu uliotokeza juu ya rangi. Rangi mpya nayo inahitaji maswali, kwa kuwa inaweza kuwa imefunika uchomeleaji. Kutu ya juujuu isikutishe, lakini chomoa bomba la kushikilia kiti umulike ndani ya fremu kwa tochi ya simu, kwa sababu kutu inayokula chuma kutoka ndani ndiyo ya hatari.

Mwisho chukua uzi. Ufunge kwenye kucha la nyuma la kushoto, uuzungushe mbele ya bomba la usukani, uurudishe hadi kucha la kulia, ukiuvuta vizuri. Pima nafasi iliyopo kati ya uzi na bomba la kiti kila upande. Tofauti ya milimita 1 au 2 haina shida. Ikifika 4 au 5, sehemu ya nyuma imepinda, na ingawa chuma kinaweza kunyooshwa na mtu anayejua, gharama hiyo itolewe kwenye bei. Kama hata hujaamini kwamba ni chuma, beba sumaku ndogo: kwenye alumini haitashika, na alumini iliyopinda au kupasuka hainyooshwi wala haichomelewi kwa mashine za mitaani kwetu.

Mama Muuguzi

Papa Mwalimu, ninakubaliana na Papa Fundi, lakini ninakuomba usisahau urefu wa kwenda mbele. Mimi nilinunua kadre, yaani fremu, ambayo kwa kimo ilinitosha kabisa, na kwa miezi minne nikawa ninafika kazini shingo imekaza na viganja vimekufa ganzi, kwa sababu bomba la juu lilikuwa refu na nilikuwa ninaufikia usukani mikono ikiwa imenyooka kama ngazi. Nilisogeza tandiko mbele, magoti yakaanza kuuma. Kiti kinaweza kupandishwa na kushushwa, usukani unaweza kuinuliwa kidogo, lakini bomba la juu halifupishwi.

Mwombe muuzaji aazime magurudumu yoyote, uipande, uzunguke uwanja mara kadhaa. Viwiko vikiwa vimelegea na unaweza kutazama nyuma bila kuyumba, urefu ni wako. Kisha simama chini ukiwa umepitisha mguu mmoja kila upande: kati ya bomba la juu na mwili pawepo angalau sentimita 2 au 3. Wewe unayembeba mtoto unalihitaji jambo hilo kuliko mtu mwingine, kwa sababu siku baiskeli itakapoinama ghafula kwenye shimo lazima miguu yote miwili ifike ardhini.

Yaya wa Ruashi

Leka yangu, mdogo wangu, kuna jambo ambalo halijaguswa na ndilo linaloweza kukugharimu zaidi. Umesema magurudumu yako ni mazima, na ninaona kwamba umeyaingiza kwenye hesabu. Kinga za breki za fimbo kwa kawaida hutumia tairi za inchi 28 x 1½, ambazo rimu zake zina kipenyo cha milimita 635. Baiskeli nyingi za mjini kutoka Ubelgiji zimeandikwa 28 vilevile, lakini ni 28 x 1⅝ x 1⅜, na rimu zake ni milimita 622. Wauzaji wanaziita zote ishirini na nane. Tairi ya moja haikai kwenye rimu ya nyingine.

Hata kama gurudumu lako lingeingia kwenye fremu hiyo, breki zake ni za waya, zinabana rimu kwa pembeni. Rimu ya breki za fimbo ina mashavu ya mviringo, kwa maana breki yake inavutwa juu na kubana kwa ndani. Mpira wa breki ya waya hauna mahali pa kushika hapo. Nyuma pia kuna upana: ekseli ya kinga yako inakaribia milimita 110 kati ya makucha, na fremu za Ulaya mara nyingi ni 120 au 126. Pengo hilo linaweza kuzibwa kwa washa. Breki haina njia ya mkato, na kwa ajili ya mtoto anayekaa nyuma nisingependa uitafute.

Basi hesabu fremu pamoja na magurudumu mawili ya 622, tairi, breki na mnyororo, ndipo uulize kama baiskeli nzima iliyotumika haiuzwi kwa bei ileile. Ukinunua, mwandikishe muuzaji karatasi yenye namba iliyogongwa chini ya bomba la pedali.

Mwalimu wa Katuba

Ninawashukuru kwa moyo wote. Nimerudi leo asubuhi nikiwa na futi, uzi na sumaku. Mguu wangu ni sentimita 84, kwa hiyo ninatafuta karibu 55 au 56. Ile 58 ya chaki, nikipima kama Papa Fundi alivyoelekeza, ni 54. Nilisimama juu yake ikiwa na magurudumu ya kuazima, nikapata nafasi ya sentimita 3, na viwiko vilikuwa vimelegea. Sumaku imeshika, bomba la chini ni laini, uzi umetofautiana kwa milimita 1.

Shida ni mbili. Magurudumu yangu ni yale ya 635, kama Yaya alivyosema. Na bomba la kushikilia kiti halisogei kabisa. Limetokeza sentimita 4 tu, na tulijaribu kulizungusha watu wawili. Kwa sababu hiyo sikuweza kuangalia ndani. Muuzaji ameshuka hadi dola 30 na kusema nikalilegeze mwenyewe nyumbani.

Fundi wa Kampemba

Kwa mguu wa 84, juu ya tandiko panatakiwa pawe karibu sentimita 74 kutoka katikati ya ekseli ya pedali, kwa hiyo bomba hilo lazima litokeze 10 au zaidi. Likibaki hapo lilipo, fremu hiyo haikutoshi, hata kama vipimo vingine vyote ni vizuri. Tena bomba lililoganda ni dalili kwamba maji yameingia, na ndani hatujapaona.

Usilipe bado. Mwombe alegeze skrubu ya kubana, amwagie mafuta mepesi kwenye ungio jioni tatu mfululizo, kisha alizungushe kwa kutumia tandiko la zamani lililofungwa vizuri. Asigonge kwa nyundo. Likitoka na ndani pakiwa pagumu, dola 30 ni bei ya haki, na mimi ninayo magurudumu mawili ya 622 ambayo unaweza kuja kuyaangalia. Akikataa kulitoa kabla ya malipo, mwachie.

Mwalimu wa Katuba

Amekubali. Ninarudi kwake Jumamosi na tochi.