Mjadala: Mwongozaji huru akitengeneza filamu ya kutisha, amejiuza?

Kila wapenzi wa sinema wakikutana, hoja hii haikosi: filamu za kutisha, za mapigano na za mapenzi ni biashara ya studio kubwa, na mwongozaji huru anayejiheshimu asiziguse, kwa kuwa watazamaji wake ni watu wa kutafakari. Mimi napinga kabisa.

Aina hizo si mali ya studio. Ni ahadi kati ya anayesimulia na anayesikiliza. Mtu akilipia filamu ya kutisha haulizi staa ni nani. Anachotaka ni kuogopa. Mapigano yanadai magari ya kulipua, lakini hofu haidai gharama hizo, ndiyo maana mwenye mfuko mwepesi hupata upenyo hapo.

Chukueni filamu ya kutisha Paranormal Activity. Mwongozaji wake, Oren Peli, aliipiga nyumbani kwake kwa takriban dola 15,000. Kamera imesimamishwa chumbani, haitikisiki, inatazama kitanda. Wapenzi wawili wamelala. Kwenye kona ya picha saa inakimbia, sekunde baada ya sekunde, halafu mlango unasogea wenyewe, kidogo tu. Hakuna muziki, hakuna zimwi. Mwaka 2009 ilipoenea kumbini iliingiza zaidi ya dola milioni 190.

Sasa fikirini: picha ndefu, kamera imetulia, hakuna kinachotokea. Si ndicho hicho watu wanachokiita "kuchosha" kwenye filamu za matamasha ya sinema? Watazamaji walewale tunaowasema hawana subira walikaa wakaukodolea macho mlango, kwa sababu waliahidiwa kitu na wakaamini kitakuja. Subira wanayo. Sisi ndio hatuwapi sababu ya kuitumia.

Wapinzani wangu wana hoja moja nzito, nayo naikubali: aliyeisambaza ni Paramount, studio kubwa, na baada ya hapo zikafuata sehemu nyingine mfululizo, kila moja ikiifukuzia ile ya kwanza. Hatari ya kumezwa ipo, na inaniuma.

Lakini mwaka 2017 Jordan Peele aliubeba ubaguzi wa rangi wa Marekani ndani ya filamu ya kutisha, Get Out, kwa dola milioni 4.5, akapata Oscar ya mswada bora wa asili. Watu waliingia kutafuta hofu, wakakutana na ubaguzi.

Anayeona huko ni kujiuza, anijibu: mada hiyohiyo, bila hofu ile, ingewafikia wangapi?